Mlio Mmoja, Halafu Kimya

Cherotich mwanangu,

Kuna mlio ambao haujawahi kunitoka masikioni. Ni wa simu ndogo ya vitufe ikilia mara moja juu ya godoro langu la hosteli, tii-ri-rii, kisha inakatwa katikati, kama mtu aliyefungua mdomo aseme neno akaona si lazima. Wasichana tuliolala nao chumba kimoja waliniuliza, "Mbona hushiki?" Nikawajibu, "Nimeshashika." Walinicheka mpaka taa ikazimwa. Hawakujua kwamba mlio ule ulikuwa wewe.

Ulikuwa hujaanza hata kutembea. Nilikupata mwaka niliomaliza sekondari, na nilipoitwa chuo kikuu Kogo, bibi yako, mama yangu mimi, alinitazama akasema, "Nenda. Huyu atakunywa maziwa ya ng'ombe wangu mpaka urudi." Baba yako alikuwa ameshaondoka, habari zake unazijua, na leo si siku yake. Pesa za kupigiana simu hazikuwepo. Basi Kogo akabuni kanuni yetu: kila jioni, ng'ombe wakirudi nyumbani, ananiflashi. Simu ikilia mara moja ikakatika, mtoto yuko sawa. Ikilia mara mbili, tafuta pesa upige. Nami nikishasikia, namrudishia mlio mmoja ili ajue kwamba niko hai na nimesikia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miaka yote ya chuo. Wewe jina lako lenyewe ni saa hiyo, saa ya ng'ombe kurudi, kwa hiyo wakati mwingine niliona kama anaita jina lako na kukata kabla sijalia.

Kuhusu sabuni, blanketi na nani wa kukaa naye kwenye gari, sitasema neno. Hayo tuliyamaliza tukipanga sanduku, na niliyosahau mimi Kogo aliyasema mara mbili. Nataka kukuandikia kuhusu simu yako mpya, ile uliyoifunga kwenye soksi ili isikwaruzike, na kuhusu ile nukta ya buluu iliyo ndani yake. Kesho utapita Mulot na kuingia kwenye nchi ya ngano hadi chuoni kwako, na nimekuwa nikijiuliza kama nukta hiyo itaenda nawe au itabaki hapa.

Umekwenda kwa jirani zetu kina Moraa kuwaaga. Nina nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kipsigis nikikiandika nahisi Kogo ameniinamia begani, na Kiingereza nikikitumia nageuka mwalimu anayetafuta mahali pa kutia alama nyekundu. Kiswahili tumekitumia sisi wawili jikoni, tukimenya viazi.

Unakumbuka siku tuliyoinunua? Kogo alikataa tukanunue mjini. Alitaka Chepilat, sokoni kwake, kwa yule msichana Nyaboke ambaye babu yake alivuka kutoka upande wa Nyamira na kununua shamba jirani na letu. Nyaboke aliiweka simu mezani kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Akahesabu kamera za mgongoni. Kogo akaigeuzageuza, akamsemesha kwa kile Kiswahili chake.

"Hii kitu iko na macho mingi hivi, ya kuangalia nini? Na masikio ni ngabi?"

"Sikio ni moja tu, Kogo," Nyaboke akacheka, "lakini inasikia mpaka Nairobi."

"Nairobi sina mtu. Inasikia Sosiot kwenu?"

Halafu Nyaboke akataka kumwonyesha namna simu inavyomjua mwenyewe kwa kidole. Kogo akaweka gumba. Simu ikatikisika, ikakataa. Akapangusa gumba kwenye leso, akaweka tena. Ikakataa. Unajua vidole vya Kogo, vimechuma chai tangu kabla sijazaliwa. Utomvu umevitia weusi na majani yamevilainisha mpaka hakuna mistari iliyobaki. Nyaboke akamwambia ajaribu kidole kingine. Kogo akarudisha mkono chini ya leso.

"Wacha. Watu wa kitambulisho pia walihangaika na mimi, lakini hawakunifukuza."

Wewe ulicheka. Mimi nilicheka pia, lakini kuna kitu kilinichoma. Nilijiambia kwamba hii ni simu nzuri inayomjua kila mtu isipokuwa aliyekulea. Hata hivyo niliinunua. Nilitaka uwe na kitu kizuri mkononi siku utakapokaa na watoto wa watu.

Kisha nikafanya kile ninachofanya kila mara. Badala ya kukupa simu yako, nikasema niijaribu kwanza. Nilihamisha laini yangu humo. Wewe ulinung'unika, "Mum, unaisahihisha kama insha," na kweli ndivyo nilivyoitumia. Niliiweka lugha ya Kiswahili nikasoma kila kitu. Betri yake inakaa. Tochi yake ni kali kuliko taa yetu ya jikoni. Picha inazopiga ni safi mpaka nikaona mikunjo ya macho yangu nikaifunga. Mikono ikiwa na maji haikusikii, na nchi hii yetu, nani ana mikono mikavu? Kioo chake kinapenda kuanguka. Inataka bando kama ndama anavyotaka titi. Na jambo moja sikuliona kabisa, kwa sababu halikuwa na kelele.

Kogo alinyamaza.

Jioni ya kwanza ng'ombe wa kina Moraa walirudi, nikasikia kengele zao, simu haikulia. Nikasema labda amechoka. Ya pili ikapita hivyohivyo. Siku ya tatu nilimpigia mimi, sauti ya mashine ikaniambia mteja hapatikani. Wewe ulikuwa unakoroga ugali. Uliniona nikisimama, ukazima jiko bila kuuliza. Hilo ni jambo mojawapo ninalokupendea: hukuuliza.

Asubuhi yake tulishuka Chepilat kukiwa kunanyesha. Tukapanda ile njia ya utelezi kati ya michai, wewe mbele, mimi nyuma, na kila hatua nilikuwa nimeshamkuta ameanguka zizini, nimeshamzika, nimeshapanga nani atamkamua Tabusiet. Nyumba ilikuwa imefungwa. Ng'ombe hakuwepo malishoni. Halafu wewe ukasema, "Sikiza." Kutoka kituo cha chai, bonde la pili, ilisikika sauti moja juu ya sauti zote ikimgombeza karani.

"Majani iko na maji? Sasa hii mvua, ni mimi nimeinyesha?"

Cherotich, sijui kama uliona. Nilikaa chini palepale njiani, kwenye matope, na sketi yangu ya kufundishia.  Nilikuwa nimebeba msiba mzima kutoka Sosiot na ghafla sikuwa na mahali pa kuutua.

Kogo alipotuona alitoka kwenye foleni na kapu mgongoni. "Nani amekufa?" Maana watu hawaji kwetu siku ya kazi bila kupeleka habari isipokuwa mtu amekufa.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Hukuflashi."

"Sikuflashi mimi? Nimeflashi jana, nimeflashi juzi. Wewe ndiye hukurudisha. Nikasema basi, amepata simu ya macho mengi, mimi hanioni tena. Jana nikishaflashi simu ikazima, leo iko dukani, inachajiwa."

Ukaninyang'anya simu. Ukatafuta, ukabonyeza huku na huku, kisha ukaanza kucheka mpaka ukaegemea kapu la mtu. "Mum. Mum, simu imemweka Kogo kwa matapeli."

Namba yake ilikuwepo, imepangwa jioni juu ya jioni, na kando ya kila moja maneno mekundu: Huenda ni tapeli. Nilihamisha laini lakini majina yalibaki kwenye simu ya zamani, kwa hiyo mashine haikumjua. Na kumbe matapeli siku hizi wana mtindo wa kupiga, ikilia mara moja wanakata, ili wewe upige na uliwe pesa. Simu ikaona namba ngeni inayolia mara moja kila jioni, ikafanya hesabu yake, ikamzima kimyakimya ili inilinde.

Kogo aliomba nimsomee. Nikamsomea. Wanawake wa foleni walikuwa wameshakusanyika.

"Tapeli," akasema polepole, akilionja. "Nimewaibia nini? Mtoto mmoja mlinipa wenyewe nimlee, na nimewarudishia akiwa amenona."

Wakapasuka kicheko. Hata karani alicheka, na nakumbuka alipima majani ya Kogo bila kutaja maji tena.

Nilirudi Sosiot nikiwa mwepesi kama debe tupu. Lakini faraja yangu mimi ina tabia mbaya, nimeichunguza: ikishaketi kidogo huinuka ikaanza kutafuta mlango wa kufunga. Siku hiyo ilinong'oneza kwamba kama Kogo angekuwa na simu kama hii ningejua alipo bila kukaa kwenye matope. Kisha ikasema Kogo ni mzee, hataki, lakini Cherotich anaondoka.

Kwa hiyo nilikurudishia simu yako kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikakuomba uwashe ile huduma ya kunionyesha ulipo. Sikuifanya kwa siri. Nilijivunia hilo, kwamba mimi si mama wa siri. Ukasema, "Sawa, Mum," kwa ile sauti unayomfungulia mdomo daktari wa meno. Niliisikia sauti hiyo. Nikaamua kutazama ramani.

Nukta ya buluu. Mwanangu yuko sokoni, mwanangu yuko kanisani, mwanangu yuko dukani. Nilikuwa nikifundisha ngeli huku mfuko wa koti ukiniwasha. Nilijua uko wapi kuliko nilivyowahi kujua maishani, na sikuwahi kuwa na wasiwasi kama wiki zile. Ukisimama njiani, nasimama. Ukichelewa kona moja, najaza kona hiyo kwa kila jambo baya nililowahi kusikia.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya kijito. Nilikutuma Sosiot ununue mafuta. Nukta ikaenda vizuri, ikarudi vizuri, kisha ikaacha barabara na kuteremka bondeni, nyuma ya shamba, mahali pasipo na nyumba. Ikakaa. Nikavuta ramani ikue, ikawa kubwa mpaka ikawa ukungu wa kijani na nukta yako katikati. Ikaendelea kukaa. Sikukupigia. Nikikupigia utajua nakuja, ndivyo nilivyofikiri. Tazama mtu aliyekuzaa: nilivaa gambuti nikashuka kati ya michai nimeinama kama askari, na hotuba yote nilikuwa nayo tayari, hata mahali pa kulia.

Nikatokea kijitoni. Mtamba wa kina Moraa alikuwa amelala ubavu akikoroma, Mama Moraa amemshika kichwa. Simu yako ilikuwa imesimamishwa juu ya kigingi cha ua, na ndani yake sauti ya daktari wa mifugo ikisema, "Usivute mpaka asukume mwenyewe." Wewe ulikuwa umepiga magoti, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi karibu na kwapa.

"Unafanya nini hapa?" nikasema. Hiyo ndiyo sehemu ya hotuba iliyotoka.

Hukugeuka. "Mum, shika mkia."

"Nini?"

"Mkia. Unanipiga usoni. Shika."

Nikashika mkia.

Mama Moraa akanitazama kutoka upande wa pembe. "Mwalimu, umekuja kusaidia ama kukagua?"

  Nilishika mkia ule kwa mikono miwili na digrii yangu yote mpaka ndama alipotoka, amelowa, mrefu, akapiga chafya. Ulimsafisha pua kwa kidole. Ulimwambia daktari, "Anapumua," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Haikuwa ya binti yangu. Ilikuwa ya mtu ambaye wengine humwita kukiwa na shida.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nilikuuliza, nikijifanya nauliza tu, "Na kama ningekupigia?"

"Ningekosa kushika. Mkono ulikuwa ndani ya ng'ombe." Ukatembea kidogo. "Lakini ungeflashi, Mum, ningejua tu kwamba unaniwaza."

Ukasema hivyo ukaendelea na habari za kondo la nyuma na saa linapopaswa kutoka. Mimi niliachwa kwenye sentensi ile. Bado nimo.

Nimeifikiria sana simu yako, Cherotich, kwa sababu nafikiria kila kitu sana, na si kosa la simu. Kifaa kile kile kilichomzima Kogo ndicho kilichomleta daktari kijitoni siku ambayo daktari alikuwa mbali. Mtamba yuko hai, ndama anaruka, na kina Moraa wanakuita Daktari kabla hujaingia darasani. Ulijaza maombi ya chuo kwenye kioo hicho, nikiwa nimekuazima, ukiwa umelala kifudifudi sakafuni. Siwezi kuisema vibaya. Itakuonyesha mengi, itakudanganya baadhi, itakula usingizi wako usipoilaza mbali na mto. Utajua mwenyewe. Mambo ambayo mashine haiyajui ni machache, lakini ndiyo yetu: haijui kwamba mtu anaweza kupiga simu kwa makusudi ili isishikwe. Inadhani ni wizi. Haielewi salamu isiyotaka kitu.

Na mimi nilikuwa nimeanza kufanana nayo. Hilo ndilo kosa nililotaka kukuandikia, wala si la zamani, ni la juzi. Babangu alinilinda kwa macho. Alijua nimetoka saa ngapi, nimerudi na nani, kiatu kina udongo wa wapi. Alinipenda, sikatai. Lakini siku nilipokuwa na jambo la kusema, nilimwambia Kogo, kwa sababu yeye hakuwa amenitazama. Alikuwa akikamua, mgongo kwangu, sikio kwangu. Niliuambia mgongo wake kwamba nina mimba. Hakusimama. Alimaliza titi lile, akasema, "Leta ndoo nyingine." Nilidhani nimesahau jioni ile. Nilipokaa kwenye matope ya Chepilat nikisikia akigombana na karani, ndipo iliponirudia nzima.

Chuoni sikuwa na mtu wa kujua nipo wapi. Ningeweza kupotea. Labda kuna siku nilipotea kidogo. Lakini kila jioni simu ililia mara moja, na mlio ule haukuniuliza nilipo. Uliniambia tu upande wa nyumbani. Nilirudi kila likizo, nikakukuta umeota jino jingine, na nikamaliza, na nikapata kazi Sosiot, na nikakuchukua. Hakuna ramani iliyofanya hivyo.

Nakuambia haya moyo wangu ukiwa umetulia, jambo ambalo unajua ni nadra. Tangu kijitoni nimelala vizuri. Natamani kukulilia kesho, wala usiogope, nitalia, lakini ni kilio cha mtu aliyetua kapu kwenye mizani na kuambiwa majani ni mazuri.

Naomba kitu kimoja, nacho si amri. Jioni, wakati ng'ombe wa huko kwenye ngano wanarudi, uniflashi. Mara moja. Usiniambie ulipo. Nami nitakurudishia mara moja, kisha nitamflashi Kogo, naye atajua sote tuko. Siku ukisahau, nitajikaza. Nitajua mkono uko ndani ya ng'ombe.

Nimeshaandika majina kwenye simu yako, ulipoiacha mezani ukienda kuoga. Kogo yumo. Nimemwandika "Kogo, si tapeli", ili mashine isibishane naye tena.

Na nukta nimeifuta. Nimeifuta jioni hii, kwako na kwangu, kabla sijamaliza barua. Niliifungua mara ya mwisho nikakuona umetoka kwa kina Moraa, uko kwenye njia ya michai, ukija. Nikabonyeza. Ikauliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Ramani ikabaki ya kijani tupu, haina mtu. Nikakaa hapo sijui ulipo, ng'ombe wakipita barabarani na kengele zao, nikasubiri.

Kisha nikasikia lango.

Mama yako